Matairi ya Wakwe

Matairi yalifika Columbus kabla ya bibi harusi, na tangu hapo Vestine hakuwa na raha.

Yalikuwa manne, meusi, yamekwishafungwa kwenye rimu zake, yana meno mazito na harufu ya mpira mpya. Aliyeyatuma ni mzee Nyarugabo wa Riverside, kule Buffalo, baba yake Mizero, kijana aliyekuwa anamwoa Isaro, binti yake Vestine. Mizero anapanga mizigo kwenye ghala moja la Cheektowaga na anaijua theluji ya ziwani, ile inayoshuka ghafla kutoka Ziwa Erie. Alimwambia baba yake kwamba wakwe wa Louisville hawaijui. Basi mzee akatoa zawadi ambayo mababu zake kule milimani Kivu wasingeiota: matairi ya baridi, ili mkaza mwanawe aletwe salama.

Shami, mume wa Vestine, alipopigiwa simu kuhusu zawadi hiyo alicheka sana. Tangu wahamie mtaa wa Iroquois, Louisville, ameendesha Toyota yake kiangazi na baridi kwa matairi yale yale ya misimu yote, na hajawahi kulala njiani.

"Bon, tairi ni tairi," alimwambia mkewe. "Ile ni biashara ya bazungu. Leo tairi ya baridi, kesho tairi ya mvua, kesho kutwa tairi ya kwenda kanisani."

Vestine hakucheka. Yeye hutunza wazee majumbani mwao, na kazi hiyo haingoji barafu iyeyuke. Asubuhi moja ya Januari, akienda kumpa bibi mmoja dawa, alikanyaga breki kwenye kona karibu na bustani ya Iroquois, na gari halikumsikiliza. Liliendelea kwenda, polepole, kwa adabu, mpaka likagonga sanduku la barua la watu. Hakuumia, wala gari halikuharibika sana. Kilichomkaa moyoni ni ule upole wenyewe, kwamba gari linaweza kukataa amri bila kelele yoyote.

"Weka, Baba Isaro," alisema, ameinua vidole vinne. "Yote ine. Juu ya mutoto."

"Nitaweka. Nani amekataa?"

Mambo yangeishia hapo, kama Shami asingekuwa na kaka.

Kaka huyo ni Mutware, mwenyeji wa Columbus aliyeyapokea matairi, na safari ya kwenda harusini ilipitia nyumbani kwake kwa sababu haikuwa na njia nyingine kwa heshima. Bibi harusi wa ukoo ule hapelekwi na baba yake peke yake. Baba mkubwa ndiye anayemkabidhi kwa wakwe, na katika msafara hukaa nyuma ya bibi harusi moja kwa moja, pasipo mgeni kuingia katikati. Mgeni akikata msafara ni mkosi. Kule nyumbani walikuwa wakitembea kwa miguu, na hakuna aliyevunjika shingo kwa kufuatana karibu. Hapa desturi hiyo wameitia barabara kuu, gari nyuma ya gari, na madereva wengine wa Ohio huwapigia honi wakidhani wamerukwa na akili.

Shami, Vestine, Isaro na shangazi Hadassa waliingia Columbus Alhamisi jioni. Asubuhi, kabla hata chai haijapoa, Mutware alikuwa amesimama uwanjani mbele ya yale matairi, mikono kifuani.

"Donc, ndugu yangu," alianza, "zawadi ya bakwe haikuliwe na mutu moya. Ng'ombe za bakwe tuligawanya siku zote. Ile za Hadassa, baba aligawanya na baba mudogo. Sasa hii ni nini? Ni ng'ombe ya theluji."

Watu wakacheka. Hadassa naye akacheka, ng'ombe za mahari yake zikiwa zimetajwa. Shami akatazama chini. Angemwambia nini Mutware? Walipokimbia vita Mutware ndiye aliyemvusha mto mgongoni, na hata gari, Shami alinunua aina ile ile aliyonunua kaka yake, rangi tu ndiyo tofauti. Kumnyima kaka huyo nusu ya zawadi ya mwanawe kungekuwa kumtemea mate.

"Mbili kwako, mbili kwangu," Mutware akahukumu. "Tuweke mbele. Mbele njo inavuta gari yote."

Vestine akajipa moyo. "Shemeji, na nyuma?"

"Nyuma inafuata, Mama Isaro. Mbele ikienda, nyuma itabakia kufanya nini?"

Wakacheka tena. Jirani mmoja Mtanzania, Respicius, alikuwa ameitwa aje na jeki yake kubwa. Huyo hakucheka. Alitazama matairi, akatazama magari mawili, akaweka spana chini.

"Samahani, mzee wangu. Mimi mawili sifungi," alisema. "Mbele kutashika na nyuma hakutashika. Ukipiga breki, gari litageuka kama mlango. Yafungeni manne kwenye gari moja, au msiyafunge kabisa."

"Gari gani moja?" Mutware akauliza, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha.

Respicius akaona ameingilia ugomvi wa watu. Akawatakia harusi njema, akawaachia jeki, akaenda zake.

Ndipo Vestine alipopaswa kusema. Alijua gari gani moja. Neno lilikuwa mdomoni, limekomaa, lakini mama wa bibi harusi hagombani na baba mkubwa mbele ya watu, tena kwenye uwanja wake. Alilimeza. Akaingia ndani kumsaidia Isaro kukunja nguo, koti hajalivua, na msichana akamuuliza kwa Kiingereza kama ni mgonjwa. Akasema ni baridi tu.

Waliondoka magari mawili, kila moja lina matairi mawili ya baridi mbele, ndugu wawili wameyafunga wenyewe. Mbele Shami na bibi harusi na shangazi. Nyuma yao Mutware, na pembeni yake Vestine, maana mama hapandi gari moja na binti anayekwenda kukabidhiwa. Mke wa Mutware alikwishatangulia Buffalo kwenye mapishi. Mpaka Cleveland njia ilikuwa kavu na jua limetoka, na Mutware akaimba nyimbo za kwaya zote anazozijua na nyingine asizozijua. Kila lori lilipotaka kuingia kati yake na Shami, alisogea mbele mpaka Vestine akaweza kuhesabu maua ya pazia dogo walilotundika kwenye kioo cha nyuma cha gari la bibi harusi.

"Shemeji, achia nafasi kidogo."

"Nikiachia, bataingia."

Walipolipata ziwa upande wa kushoto, mbingu ilibadilika. Halikuwa wingu la kawaida. Lilikuwa ukuta wa kijivu uliosimama kuanzia majini, na barabara ilikuwa inakwenda kuingia ndani yake. Redio ikasema jambo kwa haraka, Mutware akaizima ili asikie vizuri njia. Theluji ikaanza kwa chembe chache, kisha ikashuka yote kwa pamoja, na Vestine akaona hofu aliyokuwa ameibeba toka Louisville imekaa naye kitini kama abiria wa tatu.

Gari la Shami ndilo lililoteleza. Kulikuwa na mteremko mdogo, taa zake nyekundu zikawaka, na pua ya gari ikatii vizuri kabisa. Mkia ndio uliokataa. Ulikwenda kushoto, ukarudi kulia, kisha ukapita mbele, na gari zima likageuka likawaangalia. Kwa kitambo Vestine alimwona mumewe uso kwa uso kupitia vioo viwili, mdomo wazi, na nyuma yake binti yake ameshika kichwa. Likamaliza mzunguko, likajikita pembeni kwenye theluji laini. Mutware alikuwa bado juu ya mteremko. Aliondoa mguu kwenye mafuta mapema, Mungu akasaidia, akasimama.

Hakuna aliyeumia. Walisukuma gari, wakajikokota mpaka kituo cha mafuta kilichofuata, karibu na mji wa Erie, na hapo Vestine akashuka kabla gari halijasimama sawasawa.

"Yote ine kwa Isaro," alisema.

"Mama Isaro..."

"Yote ine, shemeji! Ao harusi hakuna. Nilinyamaza Columbus, sinyamaze tena. Mutanzania alituambia itageuka kama mulango, na imegeuka kama mulango. Mulikuwa munacheka. Cheka sasa!"

 Watu waliokuwa wakijaza mafuta waligeuka kumtazama mwanamke huyu mwenye kitenge cha harusi chini ya koti la baridi, akilia na kufoka kwa pamoja. Shami alikuwa bado ameshika usukani, ingawa gari lilikuwa limezimwa. Hadassa, ambaye kwa kawaida ana jibu la kila kitu, alisema kwa sauti ndogo, "Kuna hoteli pale. Tulale. Theluji itapita."

Shauri hilo lilikuwa zuri kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na Vestine alilisikia. Lakini simu ya Shami ikalia: mzee Nyarugabo, akiuliza wamefika wapi, wazee wamekwishakaa, na kwao Riverside jua linawaka, theluji iko huko njiani tu, itawaachia mbele kidogo. Shami akamtazama mkewe. Alikuwa amekwisha kushindwa mara moja mbele ya kaka yake, na sasa alimwachia yeye aamue.

"Akiwa na ine, anafika," Vestine alisema. "Moyo wangu utatulia. Mufunge, tuende."

Wakafunga. Kwa kuwa magari ni ya aina moja, ilikuwa kubadilishana tu: mawili ya Mutware yakaenda nyuma ya gari la Shami, na yale ya misimu yote ya Shami yakaja mbele kwa Mutware. Mutware alifungua nati zake mwenyewe, amepiga magoti kwenye tope la chumvi, shati lake jipya likiloa mikononi. Alipomaliza alijifuta na hakumtazama mtu.

"Bon. Nimepewa, nimenyang'anywa," alisema. "Hakuna neno. Lakini nafasi yangu ni nyuma ya bibi harusi, na ile hamuiondoe."

"Baba mukubwa, ufuate kwa mbali," Hadassa akasema.

"Niingize lori kati yangu na mutoto wangu, siku ya kumukabidhi?"

Vestine angeweza kuingia gari la mbele. Shami alimfungulia mlango. Desturi ile wangeisameheana. Lakini aliona mabega ya shemeji yake yalivyoshuka, akaona ndiye aliyemvua zawadi mbele ya watu, na haya ikamshika. Kumwacha aendeshe peke yake baada ya hapo kungekuwa ukatili. Akaenda dirishani kwa Isaro, akamnyooshea ushanga uliopinda shingoni.

"Sasa hata barafu haikuweze," alimwambia.

Isaro akatabasamu, akamjibu kwa Kiingereza kwamba ajifunge mkanda.

Na kweli, gari la bibi harusi sasa lilikwenda kama limeshonewa barabarani. Vestine alilitazama likipanda, likishuka, likipinda, mkia nyuma ya pua, bila wasiwasi wowote, na kifua chake kikafunguka. Alishukuru Mungu kwa sauti. Alimshukuru mzee Nyarugabo. Ilichukua muda kabla hajatambua kwamba gari alilokaa yeye lilikuwa linaelea. Mutware hakuwa akiimba tena. Usukani ulikuwa ukicheza mikononi mwake, kushoto kidogo, kulia kidogo, na kila Shami alipoongeza mwendo kwa kuamini miguu yake mipya, Mutware naye aliongeza asiachwe, macho yameganda kwenye pazia lile la maua.

Walikuwa wamevuka mpaka wa New York. Magari ya kufagia theluji yalikuwa yameacha njia moja tu, mfereji kati ya kuta mbili nyeupe zilizofika usawa wa dirisha. Hapakuwa na pa kukimbilia, kulia wala kushoto.

"Shemeji, tuko karibu sana."

"Najua."

"Punguza."

"Ninapunguza, Mama Isaro. Haisikii."

Alilisema polepole, na Vestine akakumbuka ile kona ya Iroquois.

Mbele, chini ya mteremko, katikati ya weupe, kitu kikubwa cheusi kikatokea kimelala kukingama njia. Lilikuwa lori. Taa za Shami zikawaka nyekundu, na gari lake likasimama. Lilisimama vizuri, limenyooka, mbali na lile lori, kama gari linavyotakiwa kusimama, na yote manne yalishika. Kazi yaliyotumwa kuifanya yaliifanya.

Mutware alikanyaga breki mpaka mwisho. Vestine alisikia kitu kikitetemeka chini ya miguu yao, kisha hakusikia kitu tena. Gari liliendelea kushuka na ule mteremko, kwa adabu, kimya kabisa. Akashika dashibodi kwa mikono miwili kama anayeweza kuirudisha nyuma.

Pazia la maua likasogezwa. Isaro alikuwa amegeuka kitini, amefurahi kwamba wamesimama salama, na alikuwa akimtafuta mama yake amwonyeshe. Akamwona. Akainua mkono akampungia.

Vestine akapiga kelele, "Toka! Isaro, toka!", lakini vioo vyote vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya baridi, na mtoto akaendelea kupunga, akicheka, huku gari lililombeba mama yake likimjia.