Ua la Njano la Mama Asteria

Bidii nayo ina balaa yake, asikudanganye mtu. Ernesta alipoolewa kutoka Hedaru, akaja kuishi mlimani kwa mama mkwe wake, Mama Asteria, alitaka jambo moja tu: asisemwe kwamba mabinti wa tambarare ni wavivu. Basi kiangazi kile akalivamia shamba la migomba nyuma ya nyumba. Akang'oa visiki vya migomba mikongwe, akachimbua kila mzizi uliogonga jembe, akachoma moto. Mumewe, Melkizedeki, aliporudi kutoka Same kwenye kazi zake za ujenzi, akacheka. "Wee! Hapa si pamekuwa sebule!" Ernesta akavimba kichwa.

Mvua za vuli zikanyesha. Asubuhi moja Mama Asteria, ambaye macho yake yalipofuka zamani, akamwita jikoni.

"Mwanangu, ua langu la njano limechomoza?"

"Ua gani, mama?"

Ndipo akamweleza. Kabla ya Melkizedeki alijifungua mtoto wa kike, aliyekufa hajabatizwa, hata jina hakupata. Mtoto wa namna hiyo walimzika wanawake peke yao, migombani, bila msalaba, na mwanamume hakuonyeshwa mahali. Waliomsaidia kuzika wote wameshatangulia. Juu ya kaburi alipanda mmea wa porini wenye kiazi, ambao kiangazi hukauka usionekane kabisa, na vuli hurudi na maua ya njano.

"Kila mwaka hunirudia," alisema. "Likichanua, nipeleke."

Loo! Ernesta alivikumbuka vile viazi vyeusi vyenye manyoya alivyovitupa motoni akidhani ni magugu. Angesema nini?

"Bado, mama," akajibu.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuzunguka milimani. Nayo maua ya njano ya Upare hayana haya, yamejaa kila ukingo. Akamwuliza mama mkwe kwa ujanja: likoje, nisije nikalikanyaga? Mama Asteria akamwonyesha kwa vidole. Majani kama nyasi, yamejipanga pande tatu, yana manyoya. Ua lina ncha sita, halina utomvu, na hujifunga jua likipanda. Kiazi ukikikata, ndani ni njano.

Ernesta akachuma moja, likatoa utomvu mweupe. Silo. Jingine lilikuwa na ncha tano. Silo. Mpaka juu kwenye miamba, ng'ambo ya msitu, akaona ncha sita na manyoya. Akakwangua kiazi kwa kisu. Njano! Akalia palepale kwa furaha, maskini ya Mungu.

Akaupanda ule mmea shambani, mahali pa kukisia tu, akangoja ushike na kuchanua tena, kisha akamshika Mama Asteria mkono.

"Mbona siigusi migomba yangu ya njiani?"

"Ilizeeka, mama. Niliing'oa."

Mama Asteria akapiga magoti, akapapasa majani, akahesabu ncha za ua. "Ndilo," akasema. "Ndilo lenyewe." Machozi yakamtiririka, akaongea na mwanawe kwa Chasu, lugha yao ya Kipare, taratibu, kama anambembeleza alale. Ernesta akashusha pumzi. Limepita, akajiambia.

"Ernesta."

"Abee, mama."

"Mimi sina siku nyingi. Mwambie Melkizedeki anizike hapa, kando yake. Miaka yote hii nimelala mbali na mtoto wangu."

Hapo uongo ukamshinda. Kumdanganya mzee angali hai, haya, mtu angeweza kujikaza. Lakini kumlaza peke yake milele? Akaanguka miguuni pake akasema yote: jembe, moto, miamba.

Mkono wa Mama Asteria ulibaki juu ya majani.

"Basi yuko wapi mwanangu?" akauliza.

Ernesta akatazama huku na huku. Shamba lilikuwa safi, limelimwa sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo.

"Sijui, mama," akasema. "Sijui."