Alama Kumi na Tisa

Mimi nina hasira za karibu, na sitaki mtu aniambie nizipunguze kabla hajasikia yaliyonikuta Ijumaa ile. Mwisho wa kurudisha fomu ulikuwa saa sita mchana. Ikishapiga saa sita, karani anafunga faili la maombi ya chuo kikuu, na utabaki na ulichoandika, ulie usilie.

Fomu yenyewe ilikuwa karatasi moja tu. Tulikuwa na masomo manne, chuo kikuu kinaangalia matatu, kwa hiyo kila mwanafunzi wa darasa la mwisho alitakiwa kuacha moja kabla ya kuomba nafasi. Unaandika somo unaloacha, mwalimu wa somo hilo anatia saini, mzazi anatia saini, basi. Mimi nilikuwa naacha fizikia. Na mwalimu wa fizikia ni mama yangu mzazi. Saini zote mbili zilikuwa za mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ananipiga chenga tangu Jumapili.

Ngoja nieleze tulivyokuwa tunaishi. Asubuhi namwamkia nyumbani, tunakunywa chai, tunatoka pamoja. Tukifika getini namwamkia tena, "Shikamoo, Mwalimu," kama vile ndiyo kwanza tunaonana. Ndani ya geti sina mama. Ilianza miaka miwili nyuma, niliposhika namba moja katika fizikia na mzazi mmoja akaja juu mbele ya mkuu wa shule, akidai mtoto wa mwalimu anaiona mitihani jikoni kwao. Siku hiyo mama alirudi nyumbani akalala na njaa. Kuanzia hapo mitihani yake ikawa inafungiwa kwenye kabati la maabara, na karatasi yangu ikawa inasahihishwa ya mwisho kabisa. Na mimi kuanzia hapo nikawa nashuka. Sabini na nane, sitini na sita, hamsini na tisa. Kwenye mtihani wa majaribio, hamsini na mbili.

Kushuka huko kuliniuma kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Nilikuwa nataka uhandisi wa umeme, nautaka hasa. Baba ni fundi wa kusuka mota. Nimekulia kwenye karakana yake, nimejua kuhesabu mizunguko ya waya wa shaba kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Lakini uhandisi unadai fizikia, kemia na hisabati, na fizikia isipungue sitini na tano. Kwa hamsini na mbili hata mlangoni sifiki. Nikaona bora niachane nayo, nibaki na biolojia, niombe famasia. Famasia si mbaya. Wiki nzima nilikuwa najiambia hivyo, famasia si mbaya, mpaka nikachoka kujisikia.

Jumapili nilipowaambia, baba alisema sawa mwanangu kama umeamua, kisha akaenda karakanani, ingawa Jumapili huwa hafanyi kazi. Mama alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka. Aliendelea kusugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi, halafu akasema fomu nimpe siku ya mwisho, asije akaipoteza. Mtu ambaye hajawahi kupoteza hata kifuniko cha kalamu! Mimi nikachukulia kwamba ananionea aibu. Mtoto wa mwalimu wa fizikia, kumbe mbumbumbu wa fizikia.

Basi Ijumaa, saa nne, wakati wa mapumziko, nimekaa kwenye ngazi za nje ya maabara na Sindano. Sindano ni rafiki yangu na tunakaa dawati moja. Jina alipewa kwa wembamba wake, ila ulimi nao umo. Akaniambia kwa kuwa naachana na fizikia, nimrithishe daftari na karatasi zangu za mtihani. Nikamjibu kwamba bado sijafa. Nikampa lakini, za nini tena kwangu? Akaiweka karatasi yangu ya majaribio juu ya mapaja, kando ya yake, akawa anazipitia akitafuna ncha ya kalamu.

Nikamwona ameacha kutafuna. Akaniuliza swali la tano nililifanyaje. Nikamwambia kama tulivyolifanya pamoja juzi yake, njia ileile. Akanionyesha. Mistari ile ile sita, jibu lile lile, hata kosa dogo la mwisho tulikuwa tumelikosea sote wawili. Yeye alikuwa na saba. Mimi nilikuwa na nne.

"Labda mwandiko," akasema Sindano, lakini hata yeye hakujiamini.

Tukaenda swali la saba. La nane. La kumi na moja, lenye mchoro, ambapo mchoro wangu ulikuwa mzuri kuliko wake na yeye mwenyewe akakiri. Kila mahali pale mwalimu alipoweza kutoa au kunyima, Sindano alipewa, mimi nikanyimwa. Nikazijumlisha kidole kwa kidole. Alama kumi na tisa. Nikarudia, zikawa kumi na tisa tena. Hamsini na mbili na kumi na tisa ni sabini na moja.

Sindano alikuwa na sitini na nane. Darasa zima lilimpongeza.

Sikuaga. Nilinyanyuka na karatasi zote mbili na fomu, nikasukuma mlango wa maabara. Mapumziko yalikuwa yameshakwisha, na mama alikuwa na watoto wa mwaka wa pili, makundi makundi kwenye meza, wanafunga nyaya za betri na balbu. Nikapita katikati yao mpaka mezani kwake.

"Mama," nikasema.

Watoto wakaacha nyaya, wakageuka. Katika shule ile sikuwahi kumwita hivyo. Nikaziweka zile karatasi mbele yake, zote zimefunguliwa swali la tano, na wala sikuhitaji kueleza. Alizitazama kidogo tu. Mtu anayeona kitu kwa mara ya kwanza hatazami hivyo. Akawaambia watoto waendelee, asiguse mtu swichi, akaniingiza kwenye chumba cha vifaa na kufunga mlango.

Humo kuna rafu za mizani na sumaku, na nafasi ya watu wawili wakibanana. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Nilimuuliza nimemkosea nini. Akasema sijamkosea kitu. Alisema ilianza na alama mbili tu, pale ambapo angeweza kutoa au asitoe, akaona heri anyime kwangu kuliko watu waseme tena. Mtihani uliofuata zikawa tano. Akaona hakuna anayelalamika, akalala usingizi, na baadaye mkono ukazoea. Alisema alitegemea mtihani wa mwisho unasahihishwa na watu wasionijua, huko ningepata haki yangu. Hakufikiria kwamba ningekata tamaa kabla ya kufika huko.

"Na Jumapili?" nikamuuliza. "Nilipokwambia naacha?"

"Nilitaka kusema."

"Ungesema."

"Ningesema nini? Kwamba nimemwibia mtoto wangu?"

Nilikuwa na maneno mengi, ya kuumiza, na mengine nilikuwa nimeyapanga tangu kwenye ngazi. Miaka miwili nimejiona mjinga. Miaka miwili nakesha na vitabu, yeye ananiletea chai, anajua. Hilo la chai nililisema. Akalipokea bila kujitetea, na kule kutojitetea ndiko kulikonizidishia hasira.

Kisha akanieleza mambo yalivyo, kwa sauti ya kufundishia. Alama zinazokwenda chuo kikuu pamoja na maombi karani anazitoa kwenye daftari la alama la shule. Kuzibadilisha ni lazima mwalimu aende kwa mkuu wa shule aseme kwa nini. Na mwalimu aliyechezea alama, iwe kwa kuongeza au kupunguza, anaondolewa darasa la mwisho. Hiyo ni sheria, na yeye alikuwamo kwenye kikao kilichoipitisha.

Darasa la mwisho ndilo lilikuwa maisha yake. Miaka ishirini na miwili. Watu wazima wenye ndevu wanamsimamisha barabarani kumwambia walifaulu kwa sababu yake. Nikamwangalia usoni, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake: aliogopa. Aliniogopa mimi. Alikuwa anasubiri niseme, na nilijua kabisa nikisema naacha fizikia, atatia saini mara mbili, tutatoka humo, na hatutalizungumza tena mpaka mmoja wetu azikwe.

Ilikuwa saa tano na robo. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Tia saini tu, mama. Famasia si mbaya."

Akachukua fomu. Akachukua kalamu. Akasoma mstari ule nilioandika jina la somo, akausoma kama vile ni ukurasa mzima. Nje mtoto mmoja alikuwa anabishana na mwenzake balbu imeungua au haijaungua. Mama akairudisha fomu mikononi mwangu bila saini.

"Andika nyingine," akasema. Halafu akachukua karatasi yangu ya mtihani, akaiegemeza kwenye rafu kati ya sumaku na mizani, akaanza kuisahihisha upya, swali la kwanza mpaka la mwisho, akitia alama ndogo kando ya zile za zamani. Hakuruka hata swali moja. Alipofika chini aliandika sabini na moja, akazungushia duara, akatia saini yake pale. Akatoka kupitia maabara, akamwomba fundi wa maabara awaangalie watoto, akavuka uwanja kwenda ofisi ya mkuu wa shule.

Nikamfuata mpaka kwenye benchi la nje ya ofisi. Mlango ulifungwa. Nilisikia sauti yake, haikupanda haikushuka. Sauti ya mkuu wa shule nilikuwa naisikia kwa vipande. Aliuliza jambo moja mara tatu. Saa tano na nusu. Saa tano na dakika arobaini. Nilitaka mlango ufunguke na nilitaka usifunguke.

Ukafunguka. Mkuu wa shule akaniita, akaniuliza nimejua lini. Nikamwambia leo, saa nne. Akaniuliza kama nina la kusema kuhusu mwalimu huyu. Mama alikuwa amesimama karibu na dirisha, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa kuadhibiwa.

"Ndiye mwalimu bora kuliko wote hapa," nikasema. Hasira zangu zilikuwa bado ziko palepale, na nililisema hilohilo nikiwa nazo.

Mkuu wa shule akampigia simu karani alete daftari la alama. Akabadilisha daftari kwa mkono wake, akatia muhuri. Kisha akaniambia nina dakika kumi na mbili.

Nikaandika fomu mpya kwenye benchi. Somo ninaloacha: biolojia. Mwalimu wa biolojia nilimkuta anakula, akanikata jicho, akasema jana tu nilimwambia naacha fizikia, nijue ninachotaka. Nikamwambia sasa najua. Akatia saini huku anatafuna. Sehemu ya mzazi alitia mama, akiwa amesimama koridoni, fomu ameiegemeza kwenye mgongo wangu. Nilisikia kalamu inapita kwenye shati. Karani aliipokea saa sita kasoro dakika mbili.

Jumatatu aliingia mwalimu kijana aliyekuwa akifundisha madarasa ya chini. Akaita majina, akafungua kitabu, akaanza. Hakuwa mbaya. Mama alikuwa chumba cha pili, na watoto wa mwaka wa kwanza, tukimsikia kupitia ukutani akiwaonyesha namna ya kupima urefu wa dawati. Sindano akanigusa kiwiko. Sikumtazama, maana ningelia mbele ya watu.

Jioni nilikwama kwenye swali la sumaku na mkondo wa umeme. Baba alijaribu, akasema yeye anajua kuisuka mota, kuieleza hajui. Nikalisukuma daftari mpaka upande wa mama mezani. Akalisoma. Nilimwona kabisa jibu limemjia, macho yake yalibadilika. Kisha akalirudisha daftari kwangu, polepole, kwa vidole viwili.

"Muulize mwalimu wako," akasema.

Mkuu wa shule alimkataza kunisahihishia mitihani. Kunifundisha mezani kwetu hakumkataza.

"Mama," nikasema, "usianze tena."

Baba akaacha kula. Mama akaweka kijiko chini, nikadhani atanyanyuka aende zake chumbani. Akavuta kiti. Akachukua penseli, akachora waya, akachora mishale kuuzunguka, na kila mshale ulitoka umeyumba, yeye ambaye ubaoni huchora duara mara moja tu. Nikajifanya sijaona, nikainama karibu yake ili nisikie vizuri.