Vipimo vya Baba Mdogo

Kila asubuhi nilikuwa nachonga chaki, natia mafuta cherehani, halafu nampashia Baba maji ya kuukandia mkono wake wa kulia. Asubuhi hiyo taulo lilikuwa bado linatoa mvuke mlango uliposukumwa kwa kishindo, likaingia koti.

Nasema koti kwa sababu mtu mwenyewe hakuonekana vizuri. Mabega yalimporomoka, mikono ilimfunika mpaka ncha za vidole, na juu yake kulikuwa na uso wa fundi umeme, jirani yetu, aliyekuwa anaoa siku hiyohiyo saa nane mchana. Koti alilichukua jana jioni limefungwa kwenye karatasi, asilijaribu.

"Shikamoo, Mzee. Niambie nani mwingine anaoa leo, maana hili si langu."

"Marahaba. Hebu geuka."

Akageuka. Bibi, aliyekuwa dirishani akishona vifungo, akaangua kicheko. "Mjukuu wangu, humo mnaenea wewe na mkeo, na nafasi ya mtoto inabaki!"

Sikucheka. Nilikimbilia daftari la vipimo. Ukurasa wake ulikuwa na tarehe na neno "koti", basi. Hakuna namba hata moja.

Dukani kwetu Baba ndiye aliyekuwa akipima, na mdogo wake, Baba Mdogo, ndiye aliyekuwa akiandika. Baba akiita, "Bega, kumi na saba!" Baba Mdogo anaitikia kutoka ng'ambo ya meza, "Kumi na saba, bega la kubebea lawama!" Miaka ishirini na mbili waliitikiana hivyo. Wateja wengine nadhani walishonesha nguo ili wapimwe tu. Baba Mdogo alipofariki, miezi minane iliyopita, Baba akaacha kuita. Akawa anapima kimya, namba anaziweka kichwani.

Na mkono ukaanza kuuma. Daktari aliupiga picha, akaukunja, akaukunjua, akasema hauna kitu. Mimi nilisomea ushauri nasaha chuoni, kwa hiyo nikampangia ratiba: alale mapema, anywe maji, atembee jioni. Alifuata yote kama mwanafunzi mtiifu, na mkono ukazidi kuuma. Kila nilipomuuliza hali, jibu lilikuwa moja: "Mkono tu, mwanangu."

"Mwili mnaunywesha maji," Bibi aliniambia siku moja, "roho mmeiacha na kiu." Nilimwitikia kwa heshima, ila moyoni nilisema hilo halikuwa kwenye mtihani.

Sasa Baba alilitandaza koti mezani na kulipitishia futi. Midomo yake ilicheza. "Ishirini. Ishirini na saba. Arobaini na sita..."

Akaishia hapo. Sikuhitaji kuambiwa. Namba zile tulizijua sote, hata koti la kazi la Baba Mdogo, ambalo bado lilining'inia nyuma ya mlango, lilizijua. Baba alimpima fundi umeme, akamshonea ndugu yake.

"Kitambaa kingine kipo?" bwana harusi akauliza.

"Hakuna. Kiliishia hapa."

"Basi likatwe hilihili, Mzee. Mama mkwe ananitafuta kasoro tangu mwaka juzi. Leo nimpelekee mwenyewe?"

Baba akachukua mkasi. Akaufungua juu ya bega la koti, akaurudisha mezani.

"Siwezi kulikata."

"Mkono?" nikauliza.

"Mkono."

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na nusu. Bwana harusi akakaa, akasimama, akakaa tena. Nikamtazama Baba, akiwa peke yake upande wake wa meza, na ghafla nikaona kilichokuwa mbele ya macho yangu muda wote. Miezi minane nilikuwa namuuliza maswali. Hakuna aliyekuwa akimwitikia.

Nikachukua penseli nikaenda ng'ambo ya meza, mahali ambapo hakuna aliyewahi kusimama tangu msiba. Mimi ni mtu ambaye nikikanyagwa, mimi ndiye ninayeomba radhi.

"Baba, mpime upya. Ita, nitaandika."

Aliniangalia nilipokuwa nimesimama. Nilidhani atanifukuza. Kisha akamzungushia futi bwana harusi, akaita kwa sauti iliyoshika kutu:

"Bega. Kumi na sita."

"Kumi na sita," nikanong'ona.

"Sisikii!"

"Kumi na sita!"

"Mkono, ishirini na tatu!"

"Ishirini na tatu!"

"Kifua, thelathini na tano!"

Mdomo wangu ukaniponyoka. "Thelathini na tano, na pumzi ameshaivuta!"

Sindano ya Bibi ikasimama hewani. Mara Baba akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka akamwegemea bwana harusi asianguke.

"Kiuno!" akapaza sauti, machozi yakimtoka. "Ishirini na nane!"

"Ishirini na nane, mkanda utazunguka mara mbili!"

"Jamani, nihurumieni, leo naoa!"

Hapo duka likawaka moto. Nilifumua mikono na bitana, Bibi akatunga nyuzi huku akituamrisha sote, bwana harusi akapewa kazi ya kupasha pasi ili aache kutuzungukia. Baba akachora chaki. Alipofika kwenye bega, aliweka kiganja juu ya kitambaa kile kipana, akakiacha hapo kidogo, kama mtu anayemshika mwenziwe kabla ya kuagana. Kisha akashika mkasi akakata. Krrr, krrr! Mlio ule nilikuwa nimeusahau.

Saa saba na robo bwana harusi alisimama mbele ya kioo. "Huyu nani? Mbona mzuri hivi?" Akatoka mbio, akarudi kusema asante, akatoka mbio tena. Bibi akamsindikiza kwa vigelegele mpaka mtaa mzima ukachungulia.

Duka likatulia. Nilikuwa bado upande wa Baba Mdogo, penseli sikioni, na mezani palikuwa na vile vipande vilivyobaki. Taulo lilishapoa ndani ya beseni. Kwa mazoea nikalinyanyua.

"Nikupashie maji tena, Baba? Mkono vipi?"

Akakunja vidole, akavikunjua, akavitazama kama vya mtu mwingine. Akaokota kipande cha bega, akakikunja taratibu, akakitia mfuko wa shati.

"Si mkono," alisema.

Halafu akainua kichwa, akaita kuvuka meza, kwa sauti ileile ya vipimo:

"Haukuwa mkono, mwanangu! Ni roho iliyokuwa inauma! Namtaka ndugu yangu!"