Gari la Elirehema na Gia ya Alfajiri

Kitendawili. Mkiitika vizuri naendelea, mkisinzia shauri yenu. Nina fahali wangu: macho yako mbele, moyo uko mbele, lakini anatembea kwa miguu ya nyuma tu. Ukimshtua mteremkoni, mkia unataka kufika kabla ya kichwa. Ni nini huyo?

Si nge, wala si panya. Haya, nipeni mji. Himo? Himo nimeshapewa mara nyingi na vumbi lake nalijua, lakini naupokea. Jibu ni gari jekundu la marehemu Elirehema. Lilikuwa gari la mbio, la milango miwili, gia za mkono, injini mbele na nguvu zote kwenye magurudumu ya nyuma. Vigari vingi vya siku hizi huvutwa kutoka mbele, kama ng'ombe wa kamba. Lile lilisukumwa kutoka nyuma, na kitu kinachosukumwa hakitaki papara.

Kila Krismasi Elirehema alipanda nalo kutoka Dar hadi kwao Old Moshi, watoto wakilikimbilia tangu njia panda. Mwaka wa mwisho mvua ilinyesha. Alikuwa anateremka Kiboriloni kufuata nyama ya sikukuu. Kwenye kona yenye mti mkubwa wa mgrevilea gari likageuka, likaenda kwa mkia, na ubavu wa dereva ukakutana na mti. Walimzika kihambani, kwenye migomba ya ukoo, karibu na dirisha la jiko, wakapanda masale, mmea wa Wachagga wa kuombea radhi, kuzunguka kaburi. Gari lilipelekwa kwa fundi mmoja wa Pasua, likanyooshwa, likarudishwa nyumbani kwa sababu mama yake, Anaeli, alisema lirudi. Hakusema kwa nini. Tangu hapo alipita kando yake uso ameugeuzia migombani.

Gladness, mdogo wake Elirehema, ndiye aliyekuwa akiinua turubai na kulifuta. Vitu vingine vyote vya kaka yake walikuwa wamegawana ndugu, mpaka viatu. Gari ndilo lililobaki, na sasa nalo lilitakiwa kuondoka.

"Humu ndani kuna mtu," alisema baba yake mdogo, Sifael, ambaye Jumapili alikuwa mzee wa kanisa na siku nyingine alikuwa Mchagga kama wengine. Alikuwa ametoka kufunga jani la sale kwenye kioo cha pembeni, kumwomba marehemu radhi. "Siku ya kumbukumbu ya kifo chake nikilikuta bado lipo, nalipeleka Holili, livuke mpaka."

"Ataliendesha nani, baba mdogo? Wewe gia umezijulia wapi?"

"Litavutwa."

"Na mimi nikilishusha mjini nikalirudisha, likapita ile kona mara mbili?"

Sifael alilikaza lile jani kiooni. "Ukirudi mzima, mdomo wangu naufunga. Lakini mwanangu, mimi kaburi la pili silichimbi."

Wote wawili wakamgeukia Anaeli. Alikuwa anapukuchua maharage. Aliendelea kupukuchua.

Basi Gladness akamtafuta Tereza wa Soweto, mtaa wa kule mjini, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliyeendesha malori ya Holili mpaka magoti yakamkataa, sasa akifundisha udereva. Siku ya kwanza alilizunguka lile gari, akagonga tairi la nyuma kwa kiatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu ndiye aliyemuua kaka yako?"

"Ndivyo anavyosema baba mdogo."

"Mimi sipendi kusingizia vyuma. Ingia. Siku za mwanzo nalishusha mimi na kulipandisha mimi. Wewe utajifunzia uwanjani, penye vumbi, pasipo na mti."

Wakati wa kupita konani Gladness alifumba macho. Tereza aliona.

Uwanjani alijifunza klachi kwa kuinua mguu polepole, kama mtu anayemtoa mtoto aliyelala mgongoni. Alijifunza kumaliza breki gari likiwa limenyooka, kabla ya kona, na kuitia gia ndogo mapema. Tereza alimwaga ndoo za maji kwenye udongo, akamwambia azunguke taratibu mpaka mkia uteleze.

"Nyuma inakimbia, mama."

"Iache ijue kwamba hujashtuka. Usikanyage breki. Mafuta yapunguze kidogo, usiyatoe yote. Tazama unakotaka kwenda, siyo unakoogopa. Mikono inafuata macho."

Jioni Tereza alishukia barabarani, akapanda bodaboda, na Gladness akaliingiza gari uani mwenyewe. Aliliegesha kama wanavyoegesha watu wote wa mlimani: pua chini, hendibreki juu, gia frii, yaani haikuingizwa namba yoyote, jiwe kubwa mbele ya tairi. Ufunguo aliutundika msumarini jikoni.

Asubuhi iliyofuata alikaa, akawasha bila kukanyaga klachi. Gari liliruka, likaligonga jiwe, likazima. Alishika kijiti cha gia. Kilikuwa kwenye namba moja.

Alikumbuka vizuri kwamba aliliacha frii. Alikumbuka hata kukitikisa kile kijiti kushoto na kulia. Siku iliyofuata alihakikisha mara mbili, na asubuhi kijiti kilikuwa namba moja. Mlango wa dereva ulikuwa haufungiki kwa ufunguo tangu ajali, lakini nani angeingia humo, na watoto wa jirani walizunguka mbali hata kufuata mpira? Ndani mlinuka moshi wa kuni, ila kila kitu cha nyumba ile kilinuka moshi wa kuni.

Alisimama uani akauliza kwa sauti, "Nani anaitia gia hii?"

Sifael, aliyekuja kuchukua maziwa, alitua kibuyu chini. "Si nilisema? Yeye mwenyewe anataka kuondoka nalo."

Anaeli alitokea mlangoni na ndoo ya pumba, akamsikia binti yake, akaenda zizini.

Siku ile uwanjani Gladness aliendesha vibaya, kijiti akikigusa kama kinachoma. Tereza akamwambia azime.

"Kaka yako alikuwa anashuka frii?"

"Huku tunashuka frii wote. Tangu juu hadi Kiboriloni hutumii mafuta. Baba alimfundisha hivyo, na baba alifundishwa na mwenzake."

"Ndiyo hapo." Tereza alipangusa vumbi mapajani. "Lori langu lilijaribu kunifanyia hivyo hivyo Himo. Ukiwa frii injini haikushiki, unabaki na breki peke yake. Fundi wa Pasua aliniambia alilikuta kwenye gia ya pili. Naona hivi: alifika konani amekwenda kasi, akaona hawezi, akaisukuma namba mbili na kuachia klachi mara moja. Magurudumu ya nyuma yakaganda kwenye utelezi. Huyu fahali ukimkaba miguu anayotembelea, anageuka."

"Kwa hiyo si shetani."

"Mimi najua ya gia tu. Ya shetani muulize baba yako mdogo."

Siku ya kulishusha mwenyewe ilikuwa mkesha wa kumbukumbu, na mvua ilikuwa imeanza tangu alfajiri. Kijiti alikikuta namba moja. Safari hii alikanyaga klachi kwanza. Tereza alikaa pembeni, mkoba mapajani, kama anakwenda kwenye harusi.

Gladness hakuweka frii. Aliteremka na gia ya pili, injini ikinguruma na kulizuia gari, na bodaboda zilizoshuka zimezima zikampita zikimpigia honi. Kabla ya kona aliona matope mekundu yaliyoburutwa barabarani kutoka mashambani. Aliona mgrevilea, na kovu lake ambalo gome halijalifunika. Hapo mkono wake wa kushoto ukaanza kuelekea kwenye kijiti. Aliapa baadaye kwamba hakuutuma. Ulikwenda kama mkono wa mtu mwingine aliyekalia kiti kile kabla yake, mwenye haraka.

"Mikono miwili," alisema Tereza kwa sauti ya chini.

Aliurudisha. Breki alikwisha kuzimaliza. Aliingia konani, mkia ukateleza, akausikia mgongoni ukitafuta njia yake. Hakushtuka. Aliupita mti kwa macho, akatazama barabara inayokwenda chini, Kiboriloni, mabati yanayong'aa kwa mvua. Mikono ikafuata. Mkia ukarudi nyuma ya kichwa, mahali pake.

Tereza hakumsifu. Alifungua mkoba akatoa ndizi mbivu mbili, akampa moja. Walifika mjini, wakageuza, wakapanda.

Sifael alikuwa akingoja uani chini ya mwavuli. Alilizunguka gari lote, akamtazama Gladness kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akaenda kulifungua lile jani la sale kwenye kile kioo, akalichomeka kaburini. Mdomo aliufunga kama alivyoahidi.

Gladness alizima injini, akavuta hendibreki, na kwa mazoea ya mlimani akaacha kijiti frii. Akashuka kusukumia jiwe.

Anaeli alitoka jikoni. Alikuja moja kwa moja kwenye gari, mchana kweupe, bila kugeuza uso, akafungua mlango wa dereva. Alikaa, akasogeza kanga isinase, akakanyaga klachi mpaka mwisho, na kwa mkono usiotafuta akakitia kijiti namba moja. Akaachia klachi polepole. Harufu ya moshi wa kuni ikamfikia Gladness pale alipoinama.

"Mama?"

"Kaka yako alinifundisha, Krismasi iliyotangulia ile ya ajali, nyie mkiwa kanisani. Akasema, mama, kwenye mlima gari haliachwi frii, hata likiwa na jiwe. Kisha yeye mwenyewe akashuka frii." Anaeli aliushika usukani mahali palipolainishwa na viganja vya mwanawe. "Uliuliza nani anaitia gia. Ni mimi, kila alfajiri. Naogopa lisije likateremka lenyewe kumfuata pale konani."