Mgeni Kutoka Bethlehemu

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na nalisema mapema kabla mtu mwingine hajalisema. Niliwatangazia watu wa ushirika wetu kwamba Jumapili ningekuja na rafiki yangu wa kazini, Mkristo mwenzetu, mzaliwa wa Bethlehemu, anayesafiri Jumanne na anayetaka kuombewa. Nikaishia hapo. Mtu mzima mimi, muuguzi wa miaka kumi na mitatu, nikasema Bethlehemu na kufunga mdomo.

Ushirika wetu ni wa Wakenya, familia kama tisa hivi, pamoja na Mama Joyeuse, Mkongomani aliyetuzoea mpaka tukamzoea. Tunakutana nyumba kwa nyumba Jumapili alasiri, na zamu hiyo ilikuwa kwangu, hapa ughaibuni, mji wa Coon Rapids. Kwetu hakuna mtu anayepanda ndege bila kuombewa. Anaketi kwenye kiti katikati, anataja ombi lake, na mwenyekiti analipeleka kwa Mungu neno kwa neno. Sheria hiyo aliitunga mwenyekiti mwenyewe, Mzee Cyrus, baada ya dada yetu Susan kuomba aombewe apite mtihani wa uuguzi, na mtu fulani mwenye kiherehere akamwombea mume. Susan alinuna mwezi mzima. Tangu siku hiyo, ombi ni la mwenye ombi, na haligeuzwi.

Basi nikaenda Anoka, mji wa jirani, kumchukua rafiki yangu huyo, Nuha. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi wodini wakati nilikuwa naogopa hata simu ikilia. Mama yake ana saratani, na matibabu yake yako katika hospitali ya Yerusalemu. Kutoka kwao Bethlehemu hadi huko ni karibu kama Anoka na Coon Rapids, lakini Mpalestina wa kule havuki bila kibali cha jeshi la Israeli, na mama alikuwa ameomba mara mbili akanyimwa. Nuha alikuwa anaenda kukaa naye. Nilikuwa nimemwahidi kwa kinywa changu kwamba aje kwetu, ataombewa na watu wanaojua kuomba. Ahadi yangu ndiyo iliyonitoa jasho siku hiyo.

Tulipofungua mlango, wueh! Nilipokuwa barabarani, watu wangu walikuwa wamenipambia nyumba. Bendera ya Israeli, kubwa kama shuka, ilining'inia juu ya televisheni yangu. Vibendera vidogo vilichomekwa kwenye mandazi, kimoja kimoja, kazi ya mkono wa mtu mwenye subira. Kiprop, mmoja wetu, akapuliza pembe la kondoo kama Wayahudi, na Mzee Cyrus, ndani ya suti yake ya harusi, akatanua mikono akasema shalom. Walikuwa na furaha kama watu wanaopokea bibi harusi. Kwa akili yao, aliyezaliwa Bethlehemu ni Myahudi, basi hiyo ndiyo heshima yake.

Nuha alivua viatu, akavipanga vizuri ukutani, akauliza kwa upole choo kiko wapi.

Alikaa huko dakika kumi, na kwa dakika hizo kumi niliwaosha kwa maneno watu wa Mungu jikoni kwangu, mmoja baada ya mwingine. Niliwaambia mgeni ni Mpalestina, kwao ni Wakristo tangu babu wa babu, na bendera waliyomtundikia ndiyo iliyo kwenye kizuizi cha jeshi kinachomrudisha mama yake nyumbani bila dawa. Kiprop akauliza ati mbona sikusema mapema. Alikuwa na haki, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Nuha akatoka ameosha uso. Akachukua andazi, akachomoa kibendera, akakilaza kwenye kisosi taratibu, akala. Halafu akasema ni tamu, akaomba la pili. Nilipumua.

Mzee Cyrus si mtu mbaya, na simtetei kwa sababu ni mwenyekiti. Alikwenda akamwomba mgeni radhi mbele ya watu wote, kwa Kiingereza chake cha ualimu. Ila alisema hatadanganya: ameombea Israeli miaka arobaini, na ataendelea. Akasema Wayahudi waliuawa Ulaya mamilioni, na kwamba juzi tu, ule mwezi wa Oktoba 2023, waliuawa tena na kutekwa majumbani mwao. Mtu aliyeona hayo ataweka geti na mlinzi, naye hawezi kumlaumu.

Nuha hakubisha hofu ya Wayahudi. Alisema waliokufa ni watu, na aliwalilia, kama anavyowalilia hadi leo maelfu waliokufa Gaza. Ila yeye alitaka kuzungumzia kilima kimoja tu. Juu ya kilima kile, ng'ambo ya shamba la mizeituni la baba yake, wanaishi walowezi wa Kiisraeli. Wao wakikosa wanashtakiwa mahakama ya kiraia, na kaka yake akikosa anashtakiwa mahakama ya jeshi. Mlowezi anapanda gari anafika Yerusalemu kabla chai haijapoa. Anaipigia kura serikali inayoamua kama mama yake Nuha atavuka au hatavuka, na mama mwenyewe hana kura hiyo. Aliyasema haya bila kupandisha sauti.

Ikafika saa ya maombi. Nuha akaketi kwenye kiti, na Mzee Cyrus akajikohoza. Nilimwona amepata nafuu, kwa kuwa kuomba kibali cha mama mgonjwa hakumgombanishi mtu na mtu. Akamuuliza, kama desturi yetu ilivyo, anataka aombewe nini.

"Msiniombee kibali," Nuha akasema. "Ombeni mama yangu asihitaji kibali. Ombeni yeye na jirani yake wa kilimani wawe chini ya sheria moja, wote wawili."

Mzee Cyrus akashusha mkono aliokuwa ameuinua. Akasema, polepole, kwamba hiyo sasa ni siasa, si ombi. Kiprop akadakia kwamba mwenyekiti angeweza kulilainisha kidogo, aseme tu amani kwa wote. Hapo nikawaka. Niliwauliza sheria ya neno kwa neno ni ya nani, na kama inamhusu Susan peke yake. Nikaona Nuha anaanza kuinuka kitini, anatafuta mkoba wake, na moyo ukaniuma kweli. Nilimleta mimi, na sasa anaondoka hajaombewa.

Mama Joyeuse ndiye aliyemshika bega akamrudisha chini. Mama huyu huongea mara moja kwa mwezi, tena kwa Kiswahili chake cha Bukavu, nami nikawa namtafsiria Nuha.

"Mimi nilikaa kambini kwenu Kenya miaka kumi na moja," akamwambia Mzee Cyrus. "Mutoto wangu aliuguaka sikio. Hospitali kubwa ilikuwa mjini, na mukimbizi hatoke kambini bila karatasi. Niliomba karatasi wiki tatu. Wakati walinipatiaka ile karatasi, sikio lilishakufa. Papa, yule afande wa karatasi hakukuwa mubaya. Alinipatiaka hata maji ya kunywa. Lakini mwanamuke wa kijiji cha pembeni alikuwa anapanda tu bus na mutoto wake."

Mzee Cyrus akamtazama sana. Akauliza, "Hapo ni Kenya?"

"Ni Kenya, Papa."

Mtoto mwenyewe, Mugabo, sasa ana miaka ishirini na miwili, na wote tunajua kumwita kutoka upande wa kulia. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. Akamwomba Nuha arudie ombi lake, asije akakosea. Nuha akarudia. Mzee akainua mkono akaomba polepole, wala hakuruka neno: mama asihitaji kibali, yeye na jirani yake, sheria moja, wote wawili. Tukasema amina. Kisha tukala pilau na kachumbari, na Nuha akaondoka na mikebe mitatu ya chakula, kwa sababu kwangu mgeni haondoki mikono mitupu. Bendera ilibaki ukutani mpaka watu walipoondoka. Mzee akaikunja mwenyewe, taratibu, akaondoka nayo. Hatukuzungumza habari zake.

Wiki tatu baadaye Nuha akaniandikia: mama amepata kibali, cha siku moja, kuanzia alfajiri hadi saa moja jioni. Niliusoma ujumbe kwenye ushirika nikiwa nimesimama, machozi karibu. Watu wakapiga makofi na vigelegele, Kiprop akaanza wimbo wa shukrani, nami nikamgeukia Mzee Cyrus nikingoja atangaze kwamba Mungu amejibu.

Alikuwa ameketi, ameweka mikono magotini.

"Nimefurahi kwa ajili ya mama," akasema. "Lakini hicho sicho tulichoomba. Inamisheni vichwa."