Maji Yaliyoishia Njiani

Profesa hapendi kukatizwa, hasa mbele ya wageni. Maabara yetu ni kijumba tu, naye alikuwa amekijaza watu mpaka mlangoni. Nilibanwa kati ya meza na ukuta, mkono wake begani kwangu utadhani ameninunua.

"Umeme kidogo tu," aliwaambia, "na hizi chembechembe za platini zinageuza nitrati ya mbolea kuwa hewa isiyodhuru. Maji haya yametoka kisimani leo!"

Kisima chenyewe ni cha dada yangu, ambaye alisimama mbele kabisa na mtoto wake mchanga kifuani. Kiko mteremkoni chini ya shamba, mbolea huingia humo, na daktari alimkataza kumkorogea mtoto maziwa kwa maji yale. Mimi ndiye niliyemtambia: njoo, mdogo wako ni mtaalamu.

Profesa aliwasha mtambo, na muda ulipofika akachovya majini kikaratasi cha kupimia nitrati; kikabaki cheupe, haimo. Wageni wakapiga makofi. Dada akatoa chupa ya mtoto na kopo la maziwa ya unga, akachota maji hayo.

Mimi nilikuwa nikitazama mita ya mtambo. Umeme ulishuka karibu na sifuri mapema mno. Siku zote tulijaribu kwa maji ya asidi tuliyochanganya wenyewe. Haya ya kisimani yana chumvi, na chumvi huigandamia platini, kazi ikasimama katikati. Nitrati inakuwa nitriti na kuishia hapo, na nitriti ndiyo mbaya zaidi: damu ya mtoto hushindwa kubeba oksijeni. Tuliacha kuipima kitambo kwa sababu haikuwahi kuonekana. Wajinga wakubwa sisi, na shahada zetu!

"Profesa, tupime na nitriti," nilinong'ona.

"Baadaye." Aliwatabasamia wageni, vidole vikinikaza bega.

Dada alianza kutikisa chupa.

"Dada, usimpe!"

Chumba kizima kiligeuka. Nilivuta droo, nikachovya kikaratasi cha nitriti. Kikawa chekundu papo hapo. Profesa aliniachia bega, na nikajua kazi sina tena, lakini hilo halikuniuma hata kidogo.

"Mwaga hayo, dada. Bahati nzuri hajanywa."

Hakumwaga. Alimgeukia Profesa. "Na lile dumu la maji ya kisima changu uliyosafisha, ulilonipa jana nianze nalo?"

Profesa akazima mtambo. Mimi sikuwa na habari ya dumu lolote.

Dada alimfungua mtoto kitambaa. Kucha zake zilikuwa za buluu.

"Tangu asubuhi yuko hivi," aliniambia. "Nilidhani ni baridi."