Shavu la Kushoto la Britta

...mikono nyuma, Karla, mikono nyuma kama askari kwenye gwaride, ndivyo tulivyofundishwa sisi wazazi wa kujitolea siku ya kwanza pale maktabani, usiguse karatasi ya mtoto, usimshikie penseli, usiseme imependeza wala imeharibika, mwambie tu nieleze unachochora, na mimi ndiye niliyewasisitizia wenzangu kuliko hata mwalimu mwenyewe, nikamcheka baba yake Otis alipommalizia mwanawe mkia wa farasi, nyani haoni kundule, maana sasa nimesimama nyuma ya kiti cha binti yangu na vidole vinaniwasha mpaka nimevifunga kwenye kamba ya aproni, na Britta, anayejichora uso wake kwa kioo kama wenzake wote, amekwisha kuchora macho, pua, meno yenye pengo, nywele mpaka mabegani, amebakiza shavu, shavu la kushoto, na penseli imesimama juu ya karatasi haishuki wala haiondoki, dakika ya tatu hii, nimetazama saa ya ukutani, anawaza nini, anawaza nilichokifanya, hawezi kuwaza kingine, kila akiinua kichwa anakiona pale ubaoni... na lilikuwa jambo dogo tu, nilitaka kuwaonyesha kwamba macho hukaa katikati ya kichwa na si juu kwenye paji kama watoto wote wanavyoyaweka, nikachora yai, nikapiga mstari, nikaweka macho, na mkono ukaenda wenyewe kwenye uso unaoujua, kidevu chembamba, pengo la meno, nywele zinazokataa kichana, na darasa zima likaangua kicheko, "Huyo si Britta huyo!" akasema Otis, anayekaa naye meza moja, nami nikacheka pamoja nao, nikasema kumbe, nikajiona hodari, halafu Otis akainamisha kichwa akautazama uso ule vizuri, akasema, "Lakini umesahau baka lake, Bi Nyquist," na hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayekuambia umeruka kifungo kimoja cha koti, na mimi, mama mtu, kalamu nyekundu ninayo mkononi, nikasema, "Ah, huu ni uso wowote tu, si wa mtu," uongo mtupu, watoto ishirini na wanne walijua ni uongo, na Britta akainama akachonga penseli ambayo ilikuwa imechongoka tayari.

Sikusahau, ningesahauje, nalijua baka lile kuliko kiganja changu, linaanzia chini ya jicho linashuka hadi kwenye taya, likipigwa na baridi ya mapumziko linakuwa kama maji ya kiazisukari chekundu, likipata homa linafifia, nililiona kabla sijajua kama nimezaa msichana au mvulana, na mama mkwe wangu Solveig akasema kwenye kahawa ya kanisani, mbele ya akina mama wote, "Lazima ulijishika shavu ulipoona moto, Karla, ukumbuke vizuri," maana ghala la jirani liliungua nikiwa na mimba ya miezi mitano, nikamcheka bibi wa watu na imani zake, eti mjamzito akijishika akitazama moto mtoto huzaliwa na alama pale pale, kisha nikarudi nyumbani nikasimama jikoni nikijaribu kukumbuka mkono wangu ulikuwa wapi usiku ule... "Bi Nyquist, karatasi za akiba ziko wapi?" ni Bi Pelkey, mwalimu wao, "Kabatini, rafu ya chini," nasema, sauti inatoka ya kawaida kabisa, ajabu... mara nne tulimpeleka hospitali Minneapolis lifutwe kwa leza, mara nne tulirudi naye na barafu shavuni, njia nzima hadi kwetu Duluth amegeukia dirisha, na alipofika miaka mitano akasema, "Sitaki tena," mume wangu Erik akasema basi, amesema mwenyewe, nami nikasema basi, mbele yake nilisema basi, na wiki iliyofuata nikanunua krimu ya kuficha, ya siku ya picha za shule tu, nikajiambia, halafu ikawa ya kadi za Krismasi pia, halafu ya harusi ya mdogo wake Erik, tulia kidogo mpenzi, tunakung'arisha tu, naye hutulia, hufumba macho, hanipi shida hata kidogo, laiti angenipa shida, na kesho ni siku ya picha na krimu iko garini, na leo asubuhi juu ya bakuli la uji aliniuliza, "Kesho lazima?" nikamuuliza lazima nini, akasema, "Basi, hakuna," na nilijua alichouliza, nilijua, nikamwambia avae buti tunachelewa.

"Nani kachukua kahawia yangu?" "Sio mimi, muulize Greta." "Greta, toa kahawia ya watu!" ...wanagombana nami sisikii vizuri, nasikia penseli ya Britta ambayo haisemi kitu, na vifutio hatutoi, hiyo pia ni sheria yetu, ukikosea unatafuta namna ya kuishi na mstari wako, kwa hiyo atakachoweka kitabaki, na asichoweka nacho kitabaki hakipo, nyuso hizi zitabandikwa koridoni mpaka theluji iyeyuke, atapita mbele ya uso wake mara nne kwa siku, akienda kula, akirudi, akienda kuvaa koti, akirudi, na ukiwa na shavu safi kama lile la ubaoni basi mimi ndiye niliyemfundisha, kwa mkono wangu, mbele ya watu, kwamba namna nzuri ya kuwa Britta ni kujipunguza, na hapo nitasema nini, nieleze ulichochora? Ee Mungu, mtoto huyu aweke chochote, hata nukta... na ningemwambia jambo lakini tulipatana nyumbani kwamba darasani mimi si Mama, ni Bi Nyquist kama kwa wote, na hakuna kumwita mpenzi wala kumshika nywele, aliniandikia masharti yale kwenye karatasi nikatia saini... penseli inashuka, sasa hivi, inashuka, anachora ukingo, unaanzia chini ya jicho, polepole, anatazama kioo chake kidogo cha mkononi, anarudi kwenye karatasi, anatazama tena, anaweka penseli chini na kuchukua rangi nyekundu, na kifua changu kinashuka kama gunia lililofunguliwa, ameliweka, ameliweka... lakini upande sio, masikini, ameliweka upande sio, katika kila picha tuliyowahi kumpiga bila krimu baka liko upande wa kulia wa picha, yeye ameliweka kushoto, na kifutio hakuna, watamcheka, mtoto asiyejua hata shavu lake, nimwambie sasa kabla rangi haijakolea, nimwambie taratibu sikioni, na mdomo umefunguka tayari, nimeshainama, ila Otis ameniwahi.

"Umeliweka upande sio," anasema, ameegemea karibu aanguke kwenye kiti. "Liko huku."

"Huko ni kwako wewe unayenitazama," anasema Britta, wala hainui kichwa. "Mimi nikijitazama liko hapa. Angalia kioo chako uache kunisumbua."

Otis anakichukua kioo chake, anashika sikio moja, anashika la pili, anasema, "Eh," anarudi kwenye kazi yake, yamekwisha, kwake yeye yamekwisha, na mimi nimebaki nimeinama mdomo wazi na maneno yale yale ya Otis nyuma ya meno, nayameza, yana mfupa, kwa sababu miaka tisa nimemtazama mwanangu kutoka pale wanaposimama wageni, nimepaka krimu uso wanaouona wao, na uso anaopiga nao mswaki kila siku, anaoutolea ulimi akidhani hatumwoni, ule sijawahi kuuona hata mara moja, na aibu ambayo nilidhani namkinga nayo ni yangu, ndiyo, nimelisema, yangu tangu siku ile alipozaliwa hospitalini, yeye hakuwahi kuniomba nimfichie chochote, alikuwa anafumba macho ili mimi nitulie... "Dakika tano, jamani," anasema Bi Pelkey, na hakuna anayemsikiliza, na Britta ameacha nyekundu, amechukua bluu, bluu ya nini tena, mikono, Karla, mikono, anaipitisha juu ya ile nyekundu, kidogo kidogo, anatazama kioo, anaongeza pale karibu na taya.

"Kuna bluu ndani yake, Bi Nyquist," anasema. "Ulijua?"

Sikujua.